Wikiendi baharini na watoto watatu wadogo: kilomita 420, gari la viti vitano

Mama wa Watatu

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaozijua safari ndefu na watoto wadogo.

Tunataka kwenda baharini wikiendi kwa gari letu la kawaida la viti vitano. Ni kilomita 420, na kwa hali ya njia hiyo ni masaa sita ya kuendesha, mapumziko hayamo. Watu wazima tupo wawili na wote tunaendesha. Mtoto mdogo ana miezi minane, ananyonya na ameanza kula. Wa katikati ana miaka mitatu, na huyu hutapika hata safari ya saa moja. Mkubwa ana miaka sita.

Maswali yangu: (a) Tutoke Ijumaa tukishatoka kazini au Jumamosi alfajiri? (b) Viti vitatu vya watoto vinakaaje kwenye benchi moja la nyuma? (c) Huyu wa kutapika tumsaidieje? (d) Wa miezi minane aingie majini au akae kivulini tu?

Naomba zaidi mniambie mahali ambapo watu hukosea.

Dereva wa Zamu

Mama, nianze na (a), kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua mengine yote.

Masaa sita ya usukani ukiwa na mtoto wa miezi minane ni masaa manane barabarani. Mtoto wa umri huo asikae kwenye kiti cha gari zaidi ya masaa mawili mfululizo. Anakuwa amejikunja, na akisinzia kichwa kinaweza kuinamia kifuani kikabana njia ya hewa. Kwa hiyo kila masaa mawili mnasimama, anatolewa kitini, analazwa kwenye mkeka au anaachiwa atambae. Kituo cha kula kipeni dakika 45, kingine dakika 30, na mtenge nusu saa nyingine ya kituo ambacho hamkukipanga, maana kitakuwepo tu.

Sasa piga hesabu. Mkitoka Ijumaa saa kumi na moja jioni mnafika saa saba usiku, mkiendeshwa na mtu aliyeamka asubuhi na kufanya kazi siku nzima. Hilo sikushauri kabisa. Mkitoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri mnafika saa saba mchana, na Jumapili lazima muondoke saa tatu asubuhi ili mfike nyumbani saa kumi na moja jioni. Hapo mmetumia masaa kumi na sita ya gari kwa nusu siku ya bahari.

Kwa siku mbili tu, kikomo changu na watoto wa umri huu ni masaa matatu kwenda. Kikizidi hapo, ama tafuteni ufuo wa karibu zaidi, ama ongezeni nusu siku upande mmoja. Kama nusu siku haipatikani, ikateni safari: Ijumaa jioni endesheni masaa mawili tu, mlale njiani, watoto wakiamka mmalizie manne yaliyobaki. Mkiondoka hapo saa kumi na mbili asubuhi na kusimama mara moja vizuri, saa tano mpo ufukweni.

Kosa la kawaida ni kupanga kwa kilomita. Pangeni kwa mtoto mdogo kuliko wote: analala saa ngapi, ananyonya saa ngapi. Kipande kirefu cha njia kiwekwe kwenye usingizi wake wa mchana, na kituo kiwekwe pale anapoamka. Mkisimama wakati ndio kwanza amelala ili mkubwa akojoe, mmepoteza kipande kizima. Mkubwa akojoe kabla ya mdogo kulala, na kuwe na poti kwenye buti kwa ajili ya wa miaka mitatu, kwa sababu huyo akisema anataka, anataka sasa hivi.

Badilishaneni usukani kila masaa mawili, hata kama anayeendesha anasema bado ana nguvu. Mwili wa binadamu una nyakati mbili za kusinzia: kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, na tena kati ya saa nane na saa kumi mchana. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Kusinzia dakika 15 hadi 20 gari likiwa limesimama mahali salama kunasaidia kuliko kufungua dirisha na kupandisha muziki.

Fundi Gurudumu

Mimi nachukua (b), halafu gari lenyewe.

Kabla ya kununua chochote, chukua futi. Pima upana wa benchi la nyuma kutoka mlango hadi mlango pale mnapokalia, kisha pima viti vyenu pale palipo papana zaidi. Viti vingi vya watoto vina upana wa sentimita 44 hadi 50. Vitatu vya 45 ni sentimita 135, na magari mengi madogo hayana nafasi hiyo. Upana ukikukatalia, huhitaji kubadili vyote vitatu. Mara nyingi kubadili kimoja tu kwa kile chembamba kunatosha, hasa cha katikati.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa watoto wako ni huu. Wa miezi minane nyuma ya abiria, kiti kikitazama nyuma. Wa miaka mitatu katikati, kwenye kiti chenye mikanda yake mitano, akitazama mbele, kwa sababu pale katikati anaiona barabara kupitia kioo cha mbele na hilo litamsaidia na kichefuchefu. Wa miaka sita nyuma ya dereva, kwenye kiti cha kumwinua chenye mgongo, akifungwa kwa mkanda wa gari wenyewe.

Mambo yanayoharibika hapo ni haya. Vyuma vya ISOFIX, vile vya kwenye gari vya kunasia kiti cha mtoto bila mkanda, kwa kawaida vipo pembeni tu, katikati havipo, kwa hiyo kiti cha katikati kitafungwa kwa mkanda wa gari. Hakikisha kinaruhusu kufungwa hivyo; kijitabu chake kitasema. Pili, angalia kila kifungio cha mkanda ni cha nani. Kwenye magari mengi kifungio cha katikati na cha pembeni vimesimama pamoja, watu hubadilisha bila kujua na mikanda inapishana. Tatu, kiti cha mkubwa kisikalie kifungio chake. Kama mkono wa mtu mzima haufikii kufunga, wa mtoto ndio kabisa, na siku moja atasafiri bila mkanda huku ninyi mnadhani amefunga. Usinunue kipande cha kurefusha mkanda ili kutatua hilo. Badilisha kiti.

Kila kiti kifungwe peke yake. Kishike pale mkanda unapopita, ukisukume kulia na kushoto kwa nguvu za kawaida: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Kama kimetulia kwa sababu tu kimebanwa na cha jirani, hakijafungwa.

Mikanda ya mwili: kiti kinachotazama nyuma, mikanda itoke usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kinachotazama mbele, usawa wa mabega au juu yake kidogo. Ukishafunga, jaribu kuukunja utepe wa mkanda kwa vidole viwili juu ya mfupa wa bega. Ukipata mkunjo, bado umelegea, vuta tena. Sweta nene ivuliwe kabla ya kufunga, kwa sababu unene ule hubonyea wakati wa kishindo na mkanda unabaki ukining'inia. Kama kuna baridi, mfunge kwanza, kisha mfunike juu. Kwa mkubwa, mkanda wa chini upite juu ya mapaja na nyonga, usipite tumboni, na wa juu upite katikati ya bega. Usipitishwe chini ya kwapa hata akilalamika unamkuna shingo. Maana yake ni kwamba kiti hakimwinui vya kutosha.

Na kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele kama mfuko wa hewa wa upande ule haujazimwa. Unapofumuka unapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kipo hapohapo.

Kuhusu gari. Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla hamjaliendesha, kwa vipimo vilivyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pale kuna mistari miwili: gari tupu na gari lililojaa. Ninyi ni wa gari lililojaa. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, linapata moto, na kwa mzigo na mwendo wa barabara kuu linapasuka. Mkisimama njiani mkalipima likiwa na moto, namba itakuwa juu. Msilipunguze, ni kawaida yake. Mifereji ya tairi isipungue milimita 1.6, na kwa mvua mimi nataka 3. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwishoni mwa herufi za DOT kwa tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita, mwonyeshe fundi; likifika kumi, hata kama halijaisha, toa.

Tairi la akiba watu hulisahau. Lipime nalo. Kama ni lile jembamba la muda, kwa kawaida linataka psi 60 na kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa, tena ni la kukufikisha kwa fundi tu. Jaribu nati za magurudumu nyumbani kwa spana ya gari lenyewe. Kama zilikazwa kwa mashine, huenda mkono usizifungue, na ni afadhali ujue ukiwa nyumbani kuliko kando ya barabara na watoto watatu.

Maji ya rejeta yaangaliwe injini ikiwa baridi. Kama njia ina mteremko mrefu, ingiza gia ndogo mapema, juu kabisa, kabla gari halijashika kasi. Ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto, utasikia harufu, halafu pedali inalegea. Gari lililojaa linafika hapo haraka kuliko lile mnaloendea kazini.

Mzigo: vitu vizito chini kabisa kwenye buti, vikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma. Juu ya keria weka vyepesi. Magari mengi madogo paa linabeba kilo 50 hadi 75 tu, na uzito wa keria umo humohumo. Ndani kusiwe na kitu kigumu kilicho huru. Chupa ya kilo moja, gari likigonga kwenye kilomita 50 kwa saa, inapiga kama kitu cha kilo 30 na zaidi. Nafasi ya nyuma ya vichwa vya watoto, pale chini ya kioo, ibaki tupu.

Mpita Njia

Mawazo mazuri hapo juu ila mnamchosha mama wa watu. Rahisi: mama akae nyuma na mdogo, akilia ampakate anyonyeshe gari likienda, na huyo wa miaka mitatu apewe ile dawa ya maji ya mafua inayoleta usingizi. Analala hadi baharini, hakuna kutapika. Tableti kwa mkubwa. Kwisha.

Nesi wa Watoto

Ndugu Mpita Njia, hayo matatu naomba niyajibu moja moja, kwa sababu ndiyo yanayofanyika sana na mawili kati yake ni hatari.

Kunyonyesha gari likienda: mtoto aliyepakatwa hana mkanda. Gari likisimama ghafla, hakuna mikono ya mtu inayoweza kumzuia, na kama mama ndiye amefungwa mkanda na mtoto yupo kati ya mkanda na mwili, mama mwenyewe ndiye anayemkandamiza. Simameni, anyonye, acheue, ndipo arudi kitini.

Dawa ya mafua ili mtoto alale: hapana. Zile za zamani zenye kuleta usingizi zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua kwa watoto wadogo, na prometazini haitakiwi kabisa kwa aliye chini ya miaka miwili. Kwa watoto wengine dawa hizo hufanya kinyume: badala ya kulala wanachangamka, wanalia, hawatulii. Ipo dawa ya kichefuchefu cha safari, dimenhidrinati, ambayo hutumika kuanzia miaka miwili. Hutolewa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, na kipimo hutegemea umri na uzito. Huyo wa miaka mitatu apelekwe kwa daktari au mfamasia kabla ya safari, si asubuhi ya safari. Akipewa, apewe mara ya kwanza nyumbani siku nyingine, muone mwili wake unavyoipokea.

Ila anzeni na yasiyo dawa, maana mara nyingi yanatosha. Kichefuchefu hicho kinatokea kwa sababu sikio la ndani linasema mwili unakwenda, na macho yanayotazama kitu kilicho ndani ya gari yanasema umetulia. Ndiyo maana tableti na vitabu vya picha vinakizidisha. Hutokea sana kati ya miaka miwili na kumi na miwili. Kwa wa katikati, tableti isiwepo kabisa. Kwa mkubwa kama hatapiki sawa, ila isikae mahali ambapo mdogo wake ataitazama. Wa katikati mpe kazi ya kutazama mbali: atafute gari la rangi fulani, ahesabu madaraja. Nyimbo na hadithi za kusikiliza ni nzuri, hazihitaji macho.

Asiondoke tumbo tupu, na asiondoke ameshiba. Kitu kikavu kidogo, mkate au biskuti zisizo na krimu, saa moja au mbili kabla. Maziwa mengi na vyakula vya mafuta viache. Njiani maji kidogo kidogo. Harufu ndani ya gari nayo inachangia, kwa hiyo msitundike vile vinukio vya gari. Dalili zake zijueni: anapiga miayo, anakuwa kimya, uso unapauka, mate yanajaa mdomoni, jasho jembamba juu ya mdomo. Hapo mna dakika chache tu. Fungueni dirisha, mtafute pa kusimama. Chombo chenye mfuniko ni bora kuliko mfuko laini, kwa sababu mtoto anaweza kukishika mwenyewe na hakimwagiki. Seti mbili za nguo zake ziwe juu kabisa ya mizigo, kila seti kwenye mfuko wake, na mfuko huohuo ndio wa kuwekea zilizochafuka. Kitambaa cha kiti cha mtoto kinavuliwa, lakini mikanda yake usiiloweke wala kuisugua kwa dawa kali. Ipanguswe kwa maji na sabuni kidogo.

Vyakula vya njiani: karanga, pipi ngumu, zabibu nzima, popkoni, hivi visiliwe na walio chini ya miaka minne au mitano gari likienda. Mtoto anayekabwa hatoi sauti, na wa kiti kinachotazama nyuma hamumwoni. Kula kufanyike kwenye vituo.

Kama mdogo anaongezewa maziwa ya kopo, msitengeneze chupa asubuhi kwa ajili ya siku nzima. Bebeni maji ya moto kwenye chupa ya chai na unga uliopimwa tayari, kila mlo kwenye kikopo chake. Maji ya kuchanganyia yawe na nyuzi 70 au zaidi, kisha chupa ipozwe kwenye maji baridi. Yaliyotengenezwa yakakaa masaa mawili nje ya ubaridi mwageni, na aliyoanza kunywa akaacha yasirudiwe baada ya saa moja.

Joto ni jambo ninalotaka msome mara mbili. Gari likisimama juani na madirisha yamefungwa, ndani hupanda karibu nyuzi 10 kwa dakika 10 za kwanza, na karibu nyuzi 19 kwa nusu saa. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi sana. Mwili wa mtoto unapata joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo mtoto haachwi garini hata dakika ya kulipia mafuta, hata kama amelala. Mkiwa wawili hatari ni kila mmoja kudhani mwenzake amemtoa. Semeni kwa sauti nani amemchukua nani. Kiti cha mtoto kikiachwa juani kifunikwe taulo la rangi nyepesi, na kabla ya kumkalisha gusa vyuma vya kifungio kwa mkono wako. Akiwa kitini msimfunike kwa shuka la kukinga jua, maana linazuia hewa. Tumieni kivuli cha dirishani.

Mama wa Watatu

Asanteni sana, nimeandika yote. Habari njema: nimepata ruhusa ya kutoka Ijumaa saa sita mchana, na mwenzangu pia. Jumatatu haiwezekani. Nimepima benchi, ni sentimita 131, viti vyetu ni 44, 47 na 45, kwa hiyo kinabadilishwa kimoja. Sasa nabaki na (d). Ratiba ya maji niliyoipata ya Jumamosi inasema maji yanajaa kabisa saa tatu asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni mita 3. Hilo lina maana gani kwetu?

Dereva wa Zamu

Saa sita mchana ni sawa, mtafika saa mbili usiku. Asiyesinzia mchana ndiye ashike usukani kuanzia saa nane hadi saa kumi. Mizigo yote ipakiwe Alhamisi usiku, isipokuwa chakula. Jumapili ondokeni saa tatu.

Bamvua

Umefanya vizuri kuangalia ratiba ya maji, kwa sababu ndiyo itakayokupangia siku ya watoto kuliko kitu kingine.

Kwenye fukwe nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama masaa sita na dakika 12, na kila siku hucheleweshwa kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo kama Jumamosi yanajaa saa tatu asubuhi, yatapwa saa tisa na dakika 12 alasiri, na Jumapili yatajaa karibu saa nne kasorobo au saa nne kasoro dakika kumi, ambapo ninyi mmeshaondoka. Siku yenu ya kuoga ni Jumamosi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na mikondo hukaza.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa mita 3 zako ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50, 25. Ndiyo maana watoto wadogo nawaingiza saa moja kabla na saa moja baada ya maji kufika kikomo. Hapo yametulia kuliko wakati wowote. Kwako ni saa mbili hadi saa nne asubuhi, na bahati nzuri jua kali linaanza hapo saa nne. Kuanzia saa nne hadi saa kumi watoto wawe kivulini, wale, walale. Kivuli chenyewe si kinga kamili, kwa sababu mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15 ya miale na povu la bahari kama 25. Nguo za mikono mirefu na kofia pana zibaki mwilini. Krimu ya jua, SPF 30 au zaidi, ipakwe nusu saa kabla ya kutoka, irudiwe kila masaa mawili na kila wanapotoka majini. Kwa miezi minane inaruhusiwa kupakwa sehemu ambazo nguo hazifuniki.

Kuhusu kuingia kwake majini: aingie, akiwa mikononi mwa mtu mzima, maji yasizidi kiuno cha huyo mtu, kwa dakika kumi hivi. Midomo ikianza kugeuka rangi au akitetemeka, mmeshachelewa kidogo, mtoeni, mumkaushe. Pampasi ya kawaida msimvalishe, inavimba kwa maji na kumlemea. Kuna zile za kuogelea, ila hazizuii mkojo, kwa hiyo mvalisheni mkifika ufukweni, si garini. Akitoka, maji baridi ya kunywa yapitishwe kwenye mikunjo yote ya ngozi kabla ya pampasi kavu. Chumvi na mchanga vikibaki humo, usiku hamtalala.

Kwa hao wawili wakubwa, kanuni ni urefu wa mkono: mtu mzima awe karibu kiasi cha kuwagusa. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono, maana pumzi ya kupigia kelele hana. Anasimama wima majini, kichwa kimeenda nyuma, mdomo unazama na kutokeza, na chini ya dakika moja ameshakwisha. Mkiwa watu wazima wawili pekee, gaweni zamu za dakika 20. Mwenye zamu hana simu wala mazungumzo, na anapokabidhi anasema kwa maneno: "Sasa ni wewe." Watoto wengi huwaponyoka watu wawili ambao kila mmoja aliamini mwenzake anatazama.

Vile vya kupuliza vya kuvaa mikononi na maboya ya umbo la wanyama ni vya kuchezea. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, karibu na ufuo bahari huonekana shwari kabisa, na ni siku hiyo boya la kupuliza linaondoka na mtoto. Nunueni jaketi la kuokoa maisha linalolingana na uzito wake, lenye mkanda wa kupita kati ya miguu. Nguo za kuogelea ziwe za rangi kali, machungwa au waridi inayong'aa. Ya bluu haionekani vizuri majini.

Kabla hawajaingia, simama mahali palipoinuka dakika tano uangalie mawimbi. Ukiona sehemu moja ambayo mawimbi hayavunjiki, maji yake yana rangi nzito na povu linasogea kuelekea nje, huo ni mkondo unaovuta. Watu huichagua sehemu hiyo wakidhani ndiyo tulivu. Mkondo wa hivyo unaweza kupita mita 2 kwa sekunde, na hakuna mwogeleaji anayeushinda kwa kuukabili. Akinaswa mtu mzima, asirudi moja kwa moja ufuoni. Aogelee sambamba na ufuo hadi atoke humo, ndipo arudi. Kama kuna walinzi wa ufuo, waulizeni leo mkondo uko wapi, maana huhama.

Mashimo ya mchangani yasizidi goti la mtoto mdogo aliyepo, na yafukiwe mkiondoka. Mchanga ukiporomoka ni mzito sana na humziba mtu haraka.

Mtoto akiguswa na yavuyavu, mwosheni kwa maji ya bahari, si maji baridi ya kunywa na si mkojo. Nyuzi zilizobaki ziondolewe kwa kibanio bila kusugua, kisha sehemu ile ikae kwenye maji ya moto anayoyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 20 au zaidi. Mkono wa mtu mzima utangulie kuyapima. Siki husaidia kwa aina fulani na kwa nyingine huzidisha, kwa hiyo waulizeni wenyeji wa ufuo huo. Akipumua kwa shida au akivimba uso, hospitali mara moja.

Jioni sasa. Saa tisa na dakika 12 maji yamepwa, na watoto watataka kwenda kwenye madimbwi yaliyobaki kwenye miamba. Saa kumi ni wakati mzuri wa kwenda, wakiwa na viatu. Ila hesabu: saa kumi na dakika 12 maji yamepanda sentimita 25 tu, hamtaona tofauti. Saa kumi na moja na dakika 12 yamefika 75, ambayo ni juu ya kiuno cha wa miaka mitatu. Saa kumi na mbili na dakika 12 ni mita moja na nusu. Maji huanza kwa kujaza mabonde yaliyo nyuma yenu, kati ya mwamba na ufuo, huku mwamba mliosimama ukiwa bado mkavu. Weka kengele ya simu saa kumi na moja kasorobo, na ikilia mnarudi wote, hata kama dimbwi lina samaki.

Fundi Gurudumu

Nyongeza moja kwa mwenye gari: ufunguo wenye betri usiingie nao majini wala kuuficha mchangani. Mtu mmoja abaki nao kwenye mfuko mkavu. Na mkirudi, ndani ya siku mbili tatu uvungu wa gari uoshwe kwa maji mengi, hasa mabomba ya breki na matao ya magurudumu, pale ambapo mchanga wa chumvi hung'ang'ania.